Juu ya Nini Unaniuliza Karte?

Kwa wale walikosa mkutano wa Jumamosi hapa komine Kenya, mu mji wa Lubumbashi, Kongo: haya njo maneno yote niliyosema mbele ya bamama wa soko, vijana wa moto (pikipiki) na wanafunzi. Wengi walinitumia mesaji wakiomba, basi nimeandika vile nilivyosema, maneno ya mudomo, ndefu pale ilikuwa ndefu.

Jambo yenu, bamama. Jambo yenu, bapapa na vijana. Asanteni kwa kuacha biashara na kuja, najua siku ya Jumamosi soko inakuwa moto na kila saa mutu anakaa hapa ni falanga anapoteza, kwa hiyo sitazunguka.

Wangapi hapa walishasimamishwa na polisi barabarani wakaulizwa karte, ile ya utambulisho? Nyosheni mikono. Angalieni nyuma, angalieni pembeni. Karibu salle yote. Sasa ninyi mulionyosha mikono, wangapi waliambiwa ni juu ya nini? Wangapi waliambiwa "tunatafuta mutu aliyeiba fulani", ao "umefanya kosa hii"? Ah. Mikono inashuka. Naona mbili tu zimebaki, moja kule nyuma na mama wa kitenge ya manjano.

Njo maana niko hapa. Sikuja kuwaambia mukatae kuonyesha karte. Sikuja kuwafundisha kugombana na polisi, hapana, hiyo ni njia ya kwenda buloko mbio. Nimekuja na neno moja na nitalirudilia mpaka mulishike: juu ya nini? Polisi akikuuliza karte, usianze kujiuliza "niko nayo ao sina". Anza na hii: anaiuliza juu ya nini? Juu kama kuna sababu, sheria iko naye. Kama hakuna sababu, sheria iko na wewe. Na mutu mwenye hajui tofauti hiyo analipa. Analipa asubuhi, analipa mangaribi, analipa mpaka anafikiri kulipa ni sheria.

Niwapatie hadisi moja. Kuna kijana wa Katuba anafanya kazi ya mkate, anaingia usiku, anatoka saa kumi na moja ya asubuhi. Siku moja anatoka, mikono bado iko na unga, nguo iko na unga, mpaka nyusi ziko na unga, na chini ya kwapa ameshika mikate miwili ile bosi anawapatiaka kila siku. Bapolisi watatu chini ya mti. "Wee, kuya hapa. Karte iko wapi?" Anasema, "Shefu, niliisahabu ku nyumba, minatoka ku kazi." "Hatuna maneno mingi, panda hapa." Akakaa pale saa nzima na wengine wanne. Saa ilipoisha mmoja akamwambia pole pole, "toa basi ya maji, uende ulale." Akatoa falanga 5.000. Akaenda.

Sasa mimi nawauliza. Kama kweli walikuwa wanatafuta mwizi, mbona hawakuandika hata jina lake? Hawakumuuliza anaitwa nani. Hawakumuuliza anakaa avenue gani. Hawakumuuliza unga huo ni wa nini! Kama angekuwa jambazi, ameachiliwa kwa 5.000. Kama si jambazi, ameibiwa 5.000. Njia zote mbili, usalama wa mtaa umepata nini?

Ile haikuwa kazi ya polisi, bandugu. Ile ilikuwa soko.

Sasa tuingie mu sheria. Katiba yetu ni ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 17 kinasema uhuru wa mutu unalindwa, na hakuna mutu anaweza kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa ao kuhukumiwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria na kwa namna sheria yenyewe inapanga. Sikieni vizuri: kwa namna sheria inapanga. Si kwa namna shefu anaamka leo. Halafu kifungu cha 18: mutu akikamatwa, lazima aambiwe pale pale sababu ya kukamatwa kwake na kosa anayoshtakiwa, na aambiwe mu luga anayosikia. Mu luga anayosikia! Kama unasikia Kiswahili wakuambie mu Kiswahili, kama ni Kiluba basi Kiluba. Kwa hiyo ukisema "shefu, ni juu ya nini?" haujamtukana. Umesoma Katiba kwa sauti.

Na mutu asikudanganye kwamba Katiba ni ya bale ba Kinshasa, ya wale wenye kuvaa kravati. Kifungu cha 142 kinalazimisha serikali kila sheria itangazwe kwa Kifaransa na kwa luga zetu nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, ndani ya siku 60. Muliona hiyo ikifanyika? Mulikuta sheria mu Kiswahili imebandikwa pale ku komine? Na kifungu cha 62 kinasema hakuna mutu anayeweza kujitetea kwamba hajui sheria. Basi kama hawatuletei, tutajiletea, njo kazi tunafanya leo.

Sasa lini polisi ana sababu? Nitasema sehemu ambazo jibu ni wazi.

Kwanza, kama unaendesha. Vijana wa moto, muniangalie hapa. Code de la route yetu, sheria ya barabara, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Wewe ukishika usukani wa gari ao wa moto, polisi wa barabara anaweza kukusimamisha akuombe permi (leseni ya kuendesha) na karatasi za chombo, na hapo haina haja akushuku wizi. Kuendesha kwenyewe njo sababu. Usiende kusema "juu ya nini" pale, unapoteza wakati, toa karatasi. Lakini, na hapa nataka bamama wasikie: yule mwenye kukaa nyuma ya moto haendeshi. Kuna mama mmoja alikuwa anatoka kununua tomati, amepanda moto na kitunga yake ku magoti, moto ikasimamishwa, kijana hana permi. Sawa, kosa iko. Wakamwambia mama pia, "na wewe, karte." Mama hana. Wakataka mama pia alipe ndipo waachilie kitunga! Tomati inakaa ku jua, mama analia. Bamama, kile kifungu cha 17 nilichosoma kinasema tena kwamba kila mutu anabeba kosa yake mwenyewe, hakuna mutu anaweza kukamatwa juu ya tendo la mwengine. Kosa ya permi ni ya dereva. Mama ni klianti. Na hii hii inafanya kazi pia pale wanakuja kutafuta mtoto wako, hawamkuti, wanasema "basi twende na mama, mtoto atakuja kumutoa." Hapana. Kwa nguvu ya kifungu cha 17, hapana. Mama si rehani.

Pili, kama kuna kosa na wewe unashukiwa. Simu imeibiwa mu soko, mwenye simu anakuonyesha kidole, "ni ule mwenye t-shirt ya bulu". Polisi akikusimamisha pale na kukuuliza wewe ni nani, ana haki yote, sababu iko na umeisikia. Na hapa karte inapata uzito kweli, nitaeleza juu watu wengi hawajui. Iko sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, ya zamani lakini iko inatumika. Kifungu chake cha 27 kinaongea juu ya kumuweka mutu ndani mbele ya hukumu. Kinasema: kama kosa adhabu yake inafika miezi 6 ya kifungo, mutu anaweza kuwekwa ndani kama kuna alama nzito za kwamba ni yeye. Kama kosa ni ndogo, chini ya miezi 6 lakini zaidi ya siku 7, bado anaweza kuwekwa ndani kama anaogopewa atakimbia, ao kama hajulikani ni nani, ao anasema ni fulani na wanaona kuna mashaka, ao kama mambo ni nzito na usalama wa watu unalazimisha.

Angalieni mpangilio. Kwanza kosa. Kwanza alama nzito. Halafu, halafu tu, swali la wewe ni nani. Karte pale ni kitu cha kukutoa: kosa ni ndogo, unajulikana, una avenue na namero, una kazi, basi rudi nyumbani uitwe kesho. Sheria haikuandika kwamba asiye na karte ni mushukiwa. Hapa kwetu wamegeuza, wameanza na mkia: hauna karte, kwa hiyo una kosa, kosa gani? Kosa ya kukosa karte. Mutu anazunguka mu duara kama mbuzi amefungwa ku mti.

Tatu, mipaka na wageni. Hapa nitapita mbio. Ukienda Kasumbalesa kuvuka Zambia, unaulizwa paspoti ao karatasi ya kuvuka, na hiyo ni kazi ya DGM, idara ya uhamiaji, wana sheria yao tangu 2003. Ndugu zetu wageni wanaokaa hapa pia wako chini ya DGM. Mutu akikwambia uko mgeni, wewe Mukongomani, muonyeshe karte yako na mambo inaishia pale.

Sasa najua swali liko mu vichwa vyenu. Na usiku? Bapolisi wa patrui? Niseme ukweli, juu sipendi kuwadanganya. Mu mji huu usiku watu wanavunjiwa milango, tunapiga simu, tunalia "polisi iko wapi", halafu wakitembea usiku tunalia tena. Siwezi kusema polisi wa patrui asikuulize kitu. Akikukuta saa saba ya usiku peke yako mu avenue, akakuuliza wewe ni nani, unatoka wapi, mujibu. Sema jina lako. Sema avenue. Onyesha karte kama iko mu poshi. Usikimbie, mutu akikimbia usiku amejipatia mwenyewe sababu. Kuuliza ni kitu kimoja na kukushika ni kitu kingine, njo hapo tofauti yote iko. Swali la dakika mbili, sawa. Kupandishwa mu gari na kulazwa mu kasho, hiyo ni kukamatwa, na kukamatwa kunadai kosa, na kosa lina jina mu sheria. Juu ya nini? Wakuambie jina la kosa.

Vijana wa intaneti wataniambia, "ku Marekani polisi hawezi kukuuliza." Hapana, si hivyo kabisa. Kule kulikuwa na mutu mweusi anaitwa Edward Lawson, alikuwa anapenda kutembea kwa miguu mu San Diego, na kati ya 1975 na 1977 polisi walimsimamisha mara karibu 15, juu ya kutembea tu. Sheria ya California ilitaka mutu atoe kitambulisho cha kuaminika. Alipeleka mashtaka mpaka Mahakama Kuu, na mu 1983 mahakama ikasema sheria ile haifai, juu inamwachia polisi mwenyewe aamue nani ameeleza vizuri na nani hapana. Lakini mu 2004, kwa mambo ya mutu wa Nevada anaitwa Hiibel, mahakama hiyo hiyo ikakubali kwamba kama polisi ana sababu ya kweli ya kushuku kosa, jimbo linaweza kulazimisha mutu aseme jina lake. Jina. Munaona? Hata kule, swali linarudi pale pale: sababu iko ao haiko?

Nirudi kwetu, juu kuna kitu kinaniuma na nataka nikae hapo kidogo.

Wazee wa hapa wanajua hii karte ilianzia wapi. Wakati wa Wabelgiji, mji ulikatwa vipande viwili, mji wa Wazungu huku, cité yetu kule, Kamalondo ilikuwa inaitwa Albert, na katikati waliacha eneo tupu makusudi ili tusikaribiane. Mutu mweusi kutembea usiku mu mji wa Wazungu bila karatasi, ni makosa. Kutoka mu eneo lako ya kijiji kwa zaidi ya siku 30, unaomba paspoti ya mutasio. Karatasi haikuwa ya kukujua wewe ni nani, walijua vizuri wewe ni nani. Ilikuwa ya kusema unaruhusiwa kusimama wapi. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Sasa Katiba, kifungu cha 30, inasema kila mutu aliye mu inchi ana haki ya kutembea kwa uhuru na kukaa anapotaka. Lakini lile swali, "karte iko wapi", limebaki na sauti ile ile. Papa mmoja hapa Kenya, amezeeka, aliniambia kwamba mpaka leo akiona tenue ya polisi mkono wake unaenda ku poshi wenyewe.

Na iko ya pili, mbaya zaidi. Kuna swali linafuata baada ya karte. Munalijua. Anaishika, anaisoma, halafu anainua macho: "weye ni wa wapi?"

Karte ya elektere, ile ya uchaguzi, imeandikwa asili ya mutu, provensi, teritware, mpaka sekta. Mu basi moja inayotoka Kolwezi, pale ku barieri, kila mutu aliteremushwa na karte ku mkono. Waliosoma majina wakaanza kuchambua: huyu apande, huyu apande, wewe baki. Wewe pia baki. Waliobaki wote walikuwa na majina ya upande mmoja wa inchi, upande wa Kasai. Vijana wa kuchimba, mikono imepasuka, mabegi ya nguo, mmoja alizaliwa hapa hapa Lubumbashi mu hospitali na hajawahi kufika Kasai hata siku moja! Wakalipa, basi ikaenda.

Bandugu, hii mji inakumbuka. Mu 1992 na 1993 watu walifukuzwa mu nyumba zao hapa Katanga juu ya asili yao, walilala ku stesheni za treni za Likasi na Kolwezi wakingojea kupelekwa "kwao", na watoto walikufia pale. Kuna watu mu salle hii walikuwa mu treni ile. Kwa hiyo polisi akiuliza "weye ni wa wapi" ili ajue nani alipe, hachezi na kitu kidogo, anachezea moto wenye tuliuona ukiwaka. Katiba, kifungu cha 13: hakuna Mukongomani anaweza kutendewa tofauti juu ya jamaa anayotoka, kabila yake, luga yake, ao mahali anakaa. Asili yako haiwezi kuwa kosa. Haiwezi kuwa sababu. Juu ya nini? Ikiwa jibu ni "juu ya jina lako", basi aliyevunja sheria ni yeye mwenye kuuliza. Na ninyi mulio mu basi ile ile, mulioruhusiwa kupanda, musikae kimya mukiangalia dirisha. Teremukeni. Basi ikiwa na watu arobaini wamesimama pamoja wanauliza "juu ya nini", maneno inabadilika.

Sasa tuongee juu ya karte yenyewe, juu ni lazima tuseme ukweli wa inchi. Hesabu ya mwisho ya watu wote mu Kongo ilifanyika 1984. Karte ya kweli ya raia, watu wengi hapa hawajaiona kwa macho, mu Juni 2023 walionyesha mpya kule Kinshasa lakini wewe mama wa soko ulipata? Tangu 2005 tunatumia karte ya uchaguzi kama karte ya utambulisho kwa muda, na hiyo inatolewa na tume ya uchaguzi, si kila siku, ni wakati wa kuandikisha tu. Mutoto wa miaka 16 hana. Aliyeibiwa yake anaweza kutembea mwaka mzima na karatasi ya kupoteza, ile atestasio. Sasa inchi ambayo haijawapatia watu wake karte, inaweza namna gani kuwafunga juu ya kukosa karte? Wanafunzi, karte yenu ya shule mutembee nayo. Permi inafaa. Paspoti inafaa. Fanyeni fotokopi, acheni ya kweli nyumbani mu plastiki, juu nimeona mara nyingi polisi anashika karte ya kweli halafu haitoki tena bila falanga. Lakini musinunue karte ya bandia pale ku soko, sikieni vizuri, karatasi ya uongo ni kosa ya kweli, kifungo chake ni miezi 6 mpaka miaka 5. Pale hautakuwa tena na mudomo wa kuuliza "juu ya nini".

Na kama wamekushika kweli? Mambo ni haya, kamata moja moja.

Usipige, usisukume, usitukane. Kumpinga polisi kwa nguvu ni kosa, kumtukana akiwa kazini ni kosa, na utakuwa umempatia ile sababu aliyokuwa anatafuta. Uliza kwa sauti ya chini, "shefu, nakuheshimu, lakini ni kosa gani?" Angalia jina ku kifua, angalia namba ya gari, ziweke mu kichwa.

Si kila mwenye tenue anaweza kukuweka ndani. Mwenye kuandika PV, ile karatasi ya maelezo yako, na kukushika ni OPJ, ofisa wa polisi ya mahakama. Omba kuonana naye. Tena Katiba, kifungu cha 18 kile kile, inakupatia haki ya kuongea pale pale na jamaa yako ao avoka (wakili) wako. Na inasema kushikwa kwako ku polisi hakuwezi kupita masaa 48. Masaa 48 yakiisha, wanakuachilia ao wanakupeleka mbele ya majistra ku parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kwa hiyo ninyi wa nyumbani, mukisikia mtoto ameshikwa, andikeni saa. Andikeni ku karatasi: ameshikwa Ijumaa, saa moja ya mangaribi, pale fulani. Saa hiyo inawapiganieni kuliko kelele. Wikendi haisimamishi saa, musidanganywe na "shefu hayuko, mungoje Jumatatu".

PV wakisoma, sikia mpaka mwisho mbele ya kutia sinyatire. Kama wameandika kitu haukusema, sema waandike tena. Kuachiliwa hakuuzwi. Mama mmoja hapa mu komine alilipa mara tatu kwa mtoto mmoja, mara ya kuleta chakula, mara ya kumuona, mara ya kumtoa, na hakuna mahali hata pamoja alipewa karatasi ya risiti. Amande (faini) ya kweli inakwenda ku mfuko wa serikali na inakuja na karatasi. Falanga bila karatasi si amande.

Na polisi mwenye kumshika mutu bure, bila sheria, naye ana kosa yake. Kode ya makosa ya jinai, kifungu cha 67: mwenye kumkamata ao kumfunga mutu ovyo, kwa nguvu, kwa hila ao kwa kutishia, kifungo ni mwaka 1 mpaka miaka 5. Nasema hii si ili mumtishie polisi nayo barabarani, hapana, hiyo ni ya kupeleka ku parke na mashahidi. Na polisi aliyetumwa na mkubwa wake kufanya hivyo, Katiba kifungu cha 28 inamruhusu akatae, juu hakuna mutu analazimika kutii amri ambayo wazi wazi inavunja sheria. Wako bapolisi wazuri mu mji huu, nawajua, wengine jamaa zao wamekaa hapa mbele, wanakaa mu nyumba za kupanga kama sisi na mshahara hautoshi. Kifungu hicho ni chao pia.

Nitajibu maswali mawili halafu murudi sokoni.

Mama ameuliza kama wanaweza kuingia mu nyumba usiku kutafuta karte. Upekuzi wa nyumba hauwezi kuanza mbele ya saa kumi na moja ya asubuhi wala baada ya saa tatu ya usiku, isipokuwa kwa ruhusa ya mkubwa wa tribinali, na mambo ya kosa lililokutwa likifanyika ni ingine. Kugonga mlango saa nane ya usiku juu ya karte tu, hapana.

Kijana ameuliza juu ya simu. Anasema polisi hakutaka karte, alitaka afungue simu, aone WhatsApp, aone M-Pesa iko na ngapi. Kijana, simu si karte. Kifungu cha 31 kinalinda maisha yako ya siri na mawasiliano yako. Kama anasema simu ni ya wizi, sawa, hiyo ni sababu, basi muende pamoja ku OPJ, aandike mu PV ni simu gani, rangi gani, namba gani, imeshikwa saa ngapi na nani. Na wewe ile fakitire uliyonunua nayo, itafute leo leo ukifika nyumbani.